Foni ya Zamani, Shahidi wa Chuma

Huenda mmepata kuona katika stoo ya nyumba ya kale sanduku zito la chuma, lenye vifungo vikubwa mbele na mirija ya kioo ndani. Watoto hulidhani takataka. Kumbe ni foni, yaani redio ya kupokea na kutuma sauti, na mirija ile ndiyo lampe zake. Kabla ya kuitupa, au kuichomeka katika umeme ili tuone kama inasema, tusikilize kwanza historia yake.

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza lampe ya kwanza ya redio. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia ndani yake waya mdogo kama wavu, na hivyo sauti dhaifu ikaweza kukuzwa. Huku Kongo, kabla ya Vita Kuu ya 1914, Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuweka vituo vya simu ya upepo kufuata mto mkubwa, na mji wetu wa Kisangani, ulioitwa wakati ule Stanleyville, ulikuwa kimojawapo. Mwaka 1937 Mapadre Wajesuiti wa Léopoldville walianzisha Redio Léo katika koleji yao. Baadaye foni zikafika hata misioni za porini, mahali ambapo barua ilikawia majuma. Mgonjwa alipozidiwa, habari zake zilimfikia daktari kabla ya gari kuondoka.

Mwaka 1958 raia wa kawaida wa Marekani walipewa mawimbi yao ya kusemezana bila hofu. Kwetu, miaka sita tu baadaye, foni ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwanzoni mwa Agosti 1964 Wasimba waliteka Stanleyville. Tangu hapo mwenye foni alidhaniwa mpelelezi anayeita ndege za vita. Wamisionari walinyang'anywa mashine zao. Wengine walishitakiwa kuwa wanaficha foni ambayo hawakuwa nayo. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli kutoka ndege za Kiamerika. Mateka wengi waliokolewa, lakini wengine walipigwa risasi njiani asubuhi ile ile. Nao Wakongo waliouawa katika vita hivyo, kabla na baada ya siku hiyo, ni maelfu.

Wazee walioyaona hayo wanapungua. Foni iliyopona ni shahidi mwenzao, na shahidi huyu huuawa kwa urahisi: kwa kuwashwa ghafula. Ndani yake mna kapasita, yaani vikopo vya kuwekea umeme. Vile vya aluminiamu vina ngozi nyembamba sana, nayo hudhoofika vikikaa miaka mingi bila kazi. Vile vya karatasi na nta hunywa unyevu, na hewa yetu ya msituni inao mwingi. Umeme ukiingia kwa nguvu, kapasita hupasuka na transfoma huungua.

Basi fundi mwenye busara hufanya hivi. Kwanza husafisha vumbi, na kutazama nyaya zilizochakaa. Pili hubadili kapasita zote za karatasi, na kuzipima zile za aluminiamu. Tatu huupitisha umeme katika balbu ya kizamani ya wati 60 kabla haujafika kwenye foni. Balbu ikiwaka sana bila kufifia, kuna hitilafu: azime mara moja. Ikiwaka kisha ikafifia, ni dalili njema. Polepole lampe zitapata wekundu wa makaa, na mvumo utasikika.

Lakini angalieni! Ndani mna volti 250 na zaidi, na kapasita hushika umeme hata baada ya kuchomoa waya. Asiye fundi asitie mkono. Tena mtu asibonyeze kitufe cha kusemea bila antena, maana lampe ya kutumia sauti huweza kuungua. Wala asitume sauti bila ruhusa ya serikali. Kusikiliza kwatosha.

Mwaka 1964 watu walihukumiwa kwa neno hilo moja, foni, bila kuulizwa vema. Sisi bado tuna nafasi ya kuuliza. Enyi vijana mnaoishi na wazee, waulizeni: foni ya misioni ilikaa chumba gani? Nani aliitumia? Ilichukuliwa siku gani? Andikeni majibu yao katika daftari, mkaliweke pamoja na mashine.