Meno katika maradhi ya mifupa myepesi kuvunjika

Maradhi haya ya kurithi, ambayo asili yake aghalabu ni kasoro ya kolajeni ya aina ya kwanza, yaani protini iliyo mfupani mithili ya fito katika ukuta wa udongo, hayaishii mifupani. Kwa kuwa dentini, tabaka lililo chini ya enameli, nayo imejengwa kwa kolajeni iyo hiyo, baadhi ya wagonjwa, wala si wote, huota meno ya rangi ya kijivu cha samawati au kahawia ya kaharabu. Enameli yenyewe huwa salama, lakini kwa kukosa msingi madhubuti hubanduka vipande vipande, kama chokaa juu ya ukuta mbovu, na dentini iliyobaki wazi husagika hata jino likakaribia usawa wa ufizi. Meno ya utotoni ndiyo yaathirikayo zaidi.

Kwa hiyo mtoto hupelekwa kwa tabibu wa meno mara jino la kwanza litokezapo, na magego yake huvikwa mataji ya chuma kisichoshika kutu kabla hayajalika. Rangi ile haiondoki kwa mswaki, na kumkemea mtoto kwa ajili yake ni dhuluma tupu. Kung'oa jino hutaka mkono mwepesi, taya likiegemezwa kiganjani lisije likavunjika. Hata mkanda wa kupimia shinikizo la damu, ukikazwa mno, waweza kuvunja mkono. Aliyetibiwa kwa bisfosfonati, dawa za kuimarisha mifupa, hana budi kumwarifu tabibu mapema, kwa kuwa dawa hizo zaweza kusababisha kufa kwa mfupa wa taya, ijapokuwa hilo ni nadra sana kwa watoto.