Radhi na Marejeo: Aina za Mhusika Mkuu wa Kike katika Riwaya ya Mapenzi ya Kiswahili, 1971–1999

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuwagawa wahusika wakuu wa kike kwa kufuata mwenendo wao. Mafungu yanayotajwa mara kwa mara ni mke mwema, mwali wa utawani, mwanamke mpotevu wa mjini na mwanamke wa kisasa anayejichagulia mwenzi. Mgawanyo huu ni rahisi kufundisha, lakini una dosari ya msingi: katika riwaya zinazosimulia mapenzi, mhusika mmoja hupita katika mafungu mawili au matatu kabla ya hadithi kwisha. Maimuna, mhusika mkuu wa Utengano, ni mwali aliyefungiwa ndani, kisha mwanamke wa baa, kisha mke. Akiwekwa katika fungu moja, sehemu kubwa ya maisha yake hubaki nje ya uhakiki.

Makala haya yanadai kwamba kinachowatofautisha wahusika hawa kihistoria si kosa wanalohesabiwa kutenda, bali nafasi wanayopewa ya kurejea baada ya kosa hilo, pamoja na mtu anayewapokea. Dai hili linachunguzwa katika riwaya nne kwa mfuatano wa miaka: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999).

2.0 Chimbuko la kielelezo

Kielelezo cha mwanamke mwema kilikuwapo katika ushairi wa pwani muda mrefu kabla ya riwaya. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake, unajenga hadhi ya mwanamke juu ya radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Dhana hii ya radhi ina uzito kuliko orodha ya sifa njema, kwa sababu inaonyesha kwamba wema wa mwanamke huthibitishwa na mwingine. Utendi, hata hivyo, haushughulikii hali ambamo mwenye kutoa radhi ndiye mkosaji. Swali hilo ndilo riwaya ya baada ya uhuru inalolipokea.

3.0 Riwaya nne na suala la kurejea

3.1 Rosa: mlango uliofungwa

Rosa analelewa Ukerewe na baba mlevi, Zakaria, ambaye ukali wake juu ya binti hauendani na ulegevu wake mwenyewe. Anapokea barua ya mapenzi na kupigwa vikali kwa ajili yake. Malezi ya woga yanamfikisha chuoni Morogoro akiwa hana uzoefu wa kupima nia za wanaume, na huko anaangamia. Anapojaribu kuanza upya, Charles, mchumba anayempenda kweli, anamwacha kwa sababu ya maisha yake yaliyopita. Rosa anajiua, na swali la nani alaumiwe, baba au binti, linahamishiwa kwenye hukumu ya mbinguni. Uhamisho huo unaeleza mengi: duniani hakuna baraza lililo tayari kumsikiliza. Riwaya yenyewe ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, hatua iliyofanana na ile ya Zakaria ya kudhani kwamba binti hulindwa kwa kunyimwa maarifa.

3.2 Rehema: makao nje ya ukoo

Rehema anakataliwa kabla hajatenda lolote. Baba yake, Fuad, anamkana kwa sababu ya rangi yake nyeusi, hivyo radhi ya baba inanyimwa kwa misingi ya nasaba na tabaka, si ya tabia. Maisha ya mjini yanamwingiza katika hali ambayo uhakiki wa kimaadili ungeiita upotevu. Tofauti na Rosa, Rehema ana pa kurejea. Sulubu, mkulima maskini aliyewahi kumhifadhi, anakuwa mume wake. Marejeo yanawezekana, lakini kwa wavuja jasho, si kwa wenye shamba.

3.3 Maimuna: baba ndiye mdaiwa

Katika Utengano, utawa umo mikononi mwa Bwana Maksuudi, mwanasiasa anayewafungia mke na binti huku yeye akiishi maisha ya anasa. Maimuna anatoroka na kuishia katika baa ya Rumbalola. Anayemwinua baadaye ni Bi Farashuu, mwanamke mwenye kisasi dhidi ya Maksuudi, na ndoa yake na Kabi inafunga safari hiyo. Hapa mizani ya radhi imepinduka: anayehitaji msamaha ni baba.

3.4 Yasmin: kuondoka bila kuanguka

Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano katika Unguja ya ukoloni, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa makamo. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamtenga, naye anapokewa na Mwajuma, rafiki yake Mswahili. Mapenzi yake na Denge yanamfikisha kwenye harakati za kupinga ukoloni. Msimulizi haichukulii hatua yake ya kuondoka kuwa anguko linalodai toba. Kwa hiyo suala la kurejea linapoteza nguvu yake.

4.0 Mipaka ya mabadiliko

Mwelekeo huu usikuzwe kupita kiasi. Waandishi wote wanne ni wanaume, na hakuna hata mmoja anayemwacha mhusika wake mkuu aishi peke yake kwa heshima: njia zote huishia kifoni au katika ndoa. Hata Yasmin, baada ya Denge, anaolewa na Bukheti. Kilichopanuka ni uwezo wa kuchagua mume. Uwezo wa kutomhitaji haujaandikwa.

5.0 Hitimisho

Kuanzia Rosa hadi Yasmin, hukumu imehama kutoka kwa mwanamke aliyekosa hadi kwa wale wanaojipa mamlaka ya kumhukumu. Uainishaji wa kimaadili hauwezi kuonyesha uhamaji huo, kwa kuwa wenyewe hukaa katika kiti cha hakimu. Suala hili halikomei fasihini. Nchini Tanzania, ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali ilitangazwa Novemba 2021, miaka 50 baada ya Rosa Mistika kuchapishwa. Mhakiki anayefundisha riwaya hizi kwa kuuliza tu kama binti alikuwa mwema au mpotevu huwafundisha wasomaji wake kufunga mlango ambao waandishi, kwa hatua ndogo ndogo, walikuwa wakiufungua.