Kosa la Aliyeteua: Mashabiki wa Montreal na Mabadiliko ya Benchi la Ufundi

Usiku wa tarehe 2 Machi 2021 Montreal Canadiens walikuwa nyumbani, Bell Centre, wakicheza na Ottawa Senators. Hoki ya barafuni huchezwa kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Kipindi cha pili kilipomalizika, kocha wa magolikipa, Stéphane Waite, aliarifiwa kwamba kazi yake imekwisha. Mechi ilikuwa bado inaendelea. Canadiens walishinda 3-1, na baada ya hapo ndipo umma ukatangaziwa. Wiki moja ilikuwa haijatimia tangu kocha mkuu Claude Julien na msaidizi wake Kirk Muller watupiwe virago. Viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya Uviko-19, kwa hiyo hakuwapo wa kuzomea wala wa kushangilia. Hata hivyo, mji mzima ulijadili suala hilo, na kilichowakera wengi zaidi ni namna lilivyofanywa, na nani aliyeona inafaa kumfukuza mtu kati ya kipindi na kipindi. Jina lililotajwa lilikuwa la Marc Bergevin, meneja mkuu.

Tukio hilo linatupa mahali pazuri pa kuanzia, maana linakwenda kinyume na maelezo yaliyozoeleka kuhusu hasira za mashabiki. Mwaka 1964 wanasosholojia wawili wa Marekani, William Gamson na Norman Scotch, walichapisha makala fupi kuhusu kufukuzwa kwa makocha wa besiboli. Hoja yao ni rahisi kuieleza na ngumu kuikwepa: kumwondoa kocha katikati ya msimu hakubadilishi matokeo kwa kiasi cha maana, bali ni tambiko. Timu inafungwa, watu wanakasirika, uongozi unamtoa mbuzi wa kafara, hasira zinapoa. Watafiti waliokuja baadaye wameongeza jambo la kitakwimu: kocha hufukuzwa timu ikiwa imefika chini kabisa, na timu iliyofika chini kabisa kwa kawaida hupanda, hata kama kocha yule angeachwa.

Nadharia hii ina mashiko, lakini inamchukulia shabiki kama mtoto wa kubembelezwa. Anaonyeshwa damu ya mbuzi, ananyamaza. Ushahidi wa Montreal unaonyesha kwamba shabiki analijua tambiko hilo fika, na akishamtazama mbuzi humgeukia aliyeshika kisu. Ninachodai hapa ni kwamba mabadiliko ya benchi la ufundi yanapozua vurumai, hukumu ya mashabiki kwa sehemu kubwa haimhusu anayeingia wala anayetoka. Inamhusu aliyeteua. Wanampima kwa swali moja: je, anajua timu hii ni ya nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee Montreal. Canadiens wametwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo, mara 24, mara ya mwisho mwaka 1993, na kwa vizazi kadhaa wachezaji wao wakubwa walikuwa vijana wa Quebec, jimbo la Kanada ilimo Montreal, wanaozungumza Kifaransa katika nchi ambayo fedha na madaraka vilikuwa mikononi mwa wazungumzaji wa Kiingereza. Machi 1955 rais wa ligi ya NHL, Clarence Campbell, alimfungia Maurice Richard, nyota wa Canadiens, mechi zote zilizobaki pamoja na za mchujo. Mashabiki wakafanya ghasia zilizovunja maduka kwenye mtaa wa Sainte-Catherine. Wanahistoria wengi wa jimbo hilo wanazihesabu ghasia hizo miongoni mwa dalili za mwamko wa Waquebec wanaozungumza Kifaransa katika miaka ya 1960. Mwaka 1977 sheria ikafanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi na biashara jimboni.

Kisa kinachonifaa zaidi, hata hivyo, ni cha mwaka 1971, kwa kuwa timu ilishinda. Al MacNeil, mtu wa Nova Scotia asiyezungumza Kifaransa, aliichukua timu Desemba 1970 baada ya Claude Ruel kuachia ngazi. Aliifikisha fainali dhidi ya Chicago. Baada ya kufungwa 2-0 katika mechi ya tano, Henri Richard, mdogo wake Maurice, aliyekuwa akikalishwa benchi, alisema mbele ya waandishi kwamba kocha wao hajui kazi. Neno la mchezaji mwenye hasira likageuka kesi ya lugha usiku uleule. Vikaja vitisho vya kumuua MacNeil, na mechi ya sita, iliyochezwa Montreal, alilindwa na polisi. Mechi ya saba ikachezwa Chicago tarehe 18 Mei. Canadiens walikuwa nyuma kwa mabao 2-0, wakashinda 3-2, na mabao mawili ya mwisho yalifungwa na Henri Richard huyohuyo ambaye MacNeil alimrudisha uwanjani.

Kwa mantiki ya tambiko, MacNeil alipaswa kubaki. Kombe lilikuwa mkononi na hapakuwa na mkosi wa kuondoa. Lakini klabu ilimpeleka Halifax kufundisha timu yake ya daraja la pili, akatwaa ubingwa wa ligi ile msimu uliofuata, na timu ya Montreal akakabidhiwa Scotty Bowman, mzungumzaji wa Kiingereza aliyezaliwa Verdun, pembezoni mwa Montreal, na aliyekijua Kifaransa. Bowman alileta makombe matano. Nasisitiza asili yake kwa sababu wapo wanaodhani wenye mji walitaka kocha wa damu yao. Walichotaka ni mtu wanayeweza kuzungumza naye.

Miaka 40 baadaye uongozi ulifanya kama vile haya hayakutokea. Msimu wa 2011-12 ulianza vibaya. Tarehe 26 Oktoba, muda mfupi kabla ya mechi dhidi ya Philadelphia, meneja mkuu Pierre Gauthier alimfukuza kocha msaidizi Perry Pearn. Timu ikashinda usiku huo, na kwa siku chache tambiko likaonekana kufanya kazi. Tarehe 17 Desemba akafukuzwa kocha mkuu, Jacques Martin, na nafasi ikashikwa na msaidizi mwingine, Randy Cunneyworth, ambaye hakuzungumza Kifaransa. Usiku huohuo timu ilifungwa 5-3 na New Jersey.

Ili kuelewa kilichofuata lazima kujua kazi ya kila siku ya kocha wa Montreal. Anakutana na waandishi baada ya mazoezi, asubuhi ya mechi, na baada ya mechi. Swali linaulizwa kwa Kiingereza, linajibiwa. Linaulizwa kwa Kifaransa, linajibiwa tena. Jibu la Kifaransa ndilo linalorushwa usiku ule kwenye televisheni zinazotazamwa na familia za Trois-Rivières na Chicoutimi, watu ambao pengine hawajawahi kukanyaga Bell Centre. Kwao kocha ndiye sauti ya timu. Desemba 2011 sauti hiyo ilianza kuwafikia kwa tafsiri, ndani ya jimbo lao, kutoka klabu yao.

Waziri wa utamaduni wa Quebec, Christine St-Pierre, alisema hadharani kwamba anatarajia klabu irekebishe mambo. Mmiliki, Geoff Molson, alitoa taarifa kwamba Cunneyworth ni wa muda na kocha wa kudumu atazungumza lugha zote mbili. Gauthier aliomba radhi. Tarehe 7 Januari 2012, siku ya mechi na Tampa Bay, wanaharakati wa lugha waliandamana nje ya uwanja. Ukisoma madai yao utaona Cunneyworth hayumo katika mashtaka. Alikuwa muungwana, aliahidi kujifunza Kifaransa, na wengi walimwonea huruma kwa kutumbukizwa shimoni na mabosi wake. Hasira ziliwaendea Gauthier na Molson. Na siku tano baada ya maandamano, Gauthier akaonyesha tena ustaarabu wake: alimuuza Mike Cammalleri kwa Calgary wakati mechi dhidi ya Boston ikiendelea, mchezaji akatolewa kabla ya kipindi cha tatu.

Desemba hiyohiyo Los Angeles Kings walimfukuza Terry Murray na kumleta Darryl Sutter. Waliingia mchujo wakiwa wa nane, nafasi ya mwisho ya kufuzu katika ukanda wao, na Juni 2012 wakanyanyua Kombe la Stanley. Hakuna aliyeuliza Sutter anazungumza lugha gani nyumbani. Naitaja Los Angeles kuonyesha mipaka ya hoja yangu: pale timu ilipo burudani moja kati ya nyingi, maelezo ya Gamson na Scotch yanatosha. Yanapungukiwa pale timu ilipobeba mzigo usio wake.

Kuna sababu ya kimuundo pia, na naona haijapewa uzito unaostahili. Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti. Kuanzia 1979 hadi 1995 ligi ya NHL ilikuwa na timu nyingine katika jimbo hilo, Nordiques wa Quebec City, iliyojinadi waziwazi kuwa ya Wafaransa wa Quebec. Shabiki aliyechoshwa na Montreal alikuwa na pa kwenda. Mwaka 1995 Nordiques walihamishiwa Denver. Tangu hapo, kama ilivyokuwa 1971, mlango wa kuondokea umefungwa, na Bell Centre yenye viti zaidi ya 21,000 iliendelea kujaa hata timu ilipokuwa hohehahe. Wakubwa wa klabu wakisoma hesabu za tiketi wataona mapenzi yasiyo na masharti. Mimi naona watu wasio na njia nyingine isipokuwa kelele. Kwa hali hiyo, kuwalaumu kwamba wana kelele ni dhuluma.

Pingamizi zipo, na moja ni nzito. Makocha wa kiwango cha NHL wanaozungumza Kifaransa ni wachache, na klabu inayojifunga kwao inajinyima wengine. Hilo ni kweli. Lakini klabu hiyo imeuza Ukanada-Faransa wake kwa zaidi ya karne: jina, jezi, sherehe za kuwaenzi wakongwe, matangazo ya bia. Haiwezi kuvuna faida ya utamaduni huo dukani kisha ikageuka na kusema kocha ni fundi tu, hana uhusiano na utamaduni. Gharama ya kuchagua katika kundi dogo ni bei ya bidhaa inayouzwa.

Pingamizi la pili ni kwamba lugha haikumwokoa mtu. Michel Therrien, aliyeteuliwa Juni 2012, alikuwa mwana wa Montreal kabisa, na bado alizomewa. Alifukuzwa Februari 2017 timu yake ikiongoza kundi lake, na wengi walishusha pumzi. Nakubali, na kwangu hilo linaimarisha hoja. Miezi michache kabla yake, Juni 2016, Bergevin alikuwa amemtoa P.K. Subban, kipenzi cha mashabiki, kwa kubadilishana na Shea Weber, na tangu hapo kila uamuzi wa uongozi ulitazamwa kwa jicho la shaka. Kifaransa kilimpa Therrien haki ya kusikilizwa. Imani kwa Bergevin, aliyemweka, ilikuwa suala jingine.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Februari 2022. Kocha Dominique Ducharme, aliyeifikisha timu fainali ya 2021, alifukuzwa, na uongozi mpya ukamleta Martin St. Louis, nyota wa zamani aliyezaliwa Laval, ambaye hakuwahi kufundisha timu yoyote ya kulipwa; uzoefu wake ulikuwa kufundisha vijana, wakiwamo wanawe. Kwenye karatasi ulikuwa uteuzi wa kubahatisha zaidi kuliko ule wa Cunneyworth, aliyekuwa amefundisha Rochester kwa miaka kadhaa katika ligi iliyo chini ya NHL. Timu ilimaliza msimu ikiwa ya mwisho katika ligi nzima, na pointi 55. Mwaka 2012, msimu wa aibu, ilikuwa na 78. Hata hivyo, St. Louis alipokewa kwa furaha, na Juni akapewa mkataba wa kudumu bila manung'uniko ya maana. Ni kweli kwamba klabu ilikuwa imetangaza kuijenga timu upya, jambo lililowapa mashabiki sababu ya kuvumilia. Lakini uvumilivu huo walipewa mabosi wapya kwanza, Jeff Gorton na Kent Hughes, ndipo kocha akaufaidi.

Tuna sababu ya kulipeleka swali hili nyumbani. Kila kocha wa Simba au Yanga anapotimuliwa, wachambuzi wetu huandika kwamba mashabiki hawana subira, kisha huhesabu mechi alizoshinda na alizopoteza. Nawaomba wahesabu na jambo jingine: nani alikuwa akitajwa kwa jina jukwaani, kocha au mwenyekiti. Montreal jibu lilionekana kwenye tarehe. Pierre Gauthier alifukuzwa tarehe 29 Machi 2012, msimu ukiwa haujaisha. Randy Cunneyworth alibaki kwenye benchi hadi mechi ya mwisho.