Nyenzo za mafunzo ya uandishi wa habari za uchunguzi na takwimu

Nyenzo za mafunzo ya uandishi wa habari za uchunguzi na takwimu ni miongozo, kozi, warsha, hifadhi za nyaraka na programu za kompyuta zinazomfundisha mwandishi kutafuta jambo lililofichwa, kulithibitisha kwa ushahidi na kulieleza kwa umma. Tofauti yake na vitabu vya nadharia ni kwamba huanzia kwenye kazi yenyewe: ripoti ya ukaguzi, orodha ya zabuni, video isiyojulikana ilipopigwa. Msingi wake ni mmoja. Mwandishi aliyefanikiwa kuibua jambo humweleza mwenzake njia aliyopita, ili naye aweze kuipita.

Chimbuko

Julai 1967 ghasia zilizuka katika jiji la Detroit, Marekani, na watu 43 wakapoteza maisha. Maelezo yaliyoenea ni kwamba walioshiriki walikuwa watu wasiosoma, au wahamiaji wa kutoka majimbo ya Kusini walioshindwa kuzoea maisha ya mjini. Mwandishi Philip Meyer, akishirikiana na gazeti la Detroit Free Press, aliyapima maelezo hayo kwa mbinu za sayansi ya jamii: wahoji walikwenda kwa wakazi na dodoso moja, kisha majibu yakachambuliwa kwa kompyuta. Maelezo yote mawili yalianguka. Waliofika chuo walishiriki sawasawa na walioacha shule, na waliokulia Kaskazini walishiriki zaidi kuliko waliotoka Kusini. Gazeti lilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1968, na mwaka 1973 Meyer aliieleza mbinu yake katika kitabu Precision Journalism, kinachohesabiwa kuwa mzazi wa uandishi wa habari za takwimu.

Mwaka 1975 waandishi wa Marekani waliunda chama cha Investigative Reporters and Editors, kijulikanacho kama IRE. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Juni, bomu lililotegwa kwenye gari lilimjeruhi Don Bolles, mwandishi wa gazeti la Arizona Republic, naye akafariki siku 11 baadaye. Waandishi wa vyombo mbalimbali, ambao kwa kawaida walikuwa wakishindana, walikwenda Arizona kupitia IRE kuiendeleza kazi ya aina aliyokuwa akiifanya, na mwaka 1977 wakachapisha mfululizo wa habari kuhusu uhalifu na rushwa katika jimbo hilo. Leo IRE ina makao yake katika Chuo Kikuu cha Missouri. Hazina yake kubwa ni maktaba ya habari zilizowania tuzo zake, zikiwa na fomu ambamo mwandishi hueleza alianzaje, alipata wapi nyaraka na alikwama wapi.

Kwa upande wa dunia nzima, mkutano uliofanyika Copenhagen mwaka 2001 ulizaa Global Investigative Journalism Network, mtandao ulioundwa rasmi mwaka 2003. Mkutano wake wa kwanza katika Afrika ulifanyika Johannesburg mwaka 2017.

Miongozo

Mwongozo wenye athari kubwa kwa wanaoanza ni Story-Based Inquiry, ulioandikwa na Mark Lee Hunter na wenzake na kuchapishwa na UNESCO mwaka 2009. Ulitayarishwa kwa ushirikiano na mtandao wa waandishi wa uchunguzi wa nchi za Kiarabu wenye makao Amman. Kiini chake ni kwamba uchunguzi huanza na nadharia tete, yaani maelezo ya awali yanayoweza kuthibitishwa au kukanushwa.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mwandishi wa uchunguzi haruhusiwi kuishia hapo. Akisikia kwamba dawa zinaibwa katika hospitali ya wilaya, huivunja kauli hiyo vipande vipande: dawa gani, ziliagizwa ngapi, zilipokelewa ngapi, nani alisaini, wagonjwa wangapi waliandikiwa. Kila kipande kina nyaraka yake au mtu wake. Kimoja kikikataa, nadharia hubadilishwa. Ushahidi haupindwi ili uifuate nadharia.

Kwa upande wa takwimu, The Data Journalism Handbook kilitoka mwaka 2012, baada ya kuanzishwa na waandishi waliokutana katika tamasha la Mozilla jijini London mwaka 2011. Kinasomwa bure mtandaoni.

Kazi ya jedwali

Mafunzo mengi ya takwimu huanza na lahajedwali la kawaida na hesabu za shule ya msingi, kwa sababu ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Bajeti ikipanda kutoka shilingi milioni 400 hadi 500 imeongezeka kwa asilimia 25. Ikirudi kutoka 500 hadi 400 imepungua kwa asilimia 20, ingawa kiasi ni kilekile. Wilaya yenye wagonjwa wengi zaidi huenda ndiyo yenye watu wengi zaidi, hivyo idadi hugawanywa kwanza kwa wakazi.

Hatua ya pili ni kusafisha. Orodha iliyoandika “Dar es Salaam”, “Dar-es-Salaam” na “DSM” itahesabiwa na kompyuta kuwa mikoa mitatu. Programu ya OpenRefine hukusanya majina ya namna hiyo, na Tabula hutoa majedwali yaliyofungwa ndani ya faili za PDF. Programu zote mbili ni za bure. Kwa mwandishi wa Tanzania, uwanja mzuri wa mazoezi ni ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wengi huzisoma siku zinapotoka kisha huziacha, ilhali habari kubwa hupatikana kwa kulinganisha hoja za halmashauri moja kwa miaka mitano mfululizo.

Ushahidi wa picha

Mfano unaofundishwa sana ni uchunguzi wa BBC Africa Eye wa Septemba 2018. Video ilionyesha askari wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kameruni ilikana mwanzoni kwamba tukio hilo lilikuwa la nchini mwake. Wachunguzi, wakisaidiwa na wachambuzi wa vyanzo vya wazi, walilinganisha mstari wa milima iliyoonekana nyuma na picha za setilaiti, wakafika karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni. Majengo na njia ya miguu vilipunguza muda uliowezekana, na urefu wa vivuli vya askari ukaufikisha kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10. Timu ilieleza kila hatua hadharani, na ndiyo maana kazi hiyo imegeuka kuwa somo.

Afrika Mashariki

Nchini Tanzania, Tanzania Media Fund, iliyoanza mwaka 2008 na baadaye kuitwa Tanzania Media Foundation, ilitoa ruzuku pamoja na mlezi wa kumwongoza mwandishi kutoka wazo hadi habari iliyokamilika. Kenya ina Africa Uncensored, Uganda ina African Centre for Media Excellence jijini Kampala, na Code for Africa hutoa kozi za mtandaoni bila malipo. PesaCheck huhakiki takwimu zinazotajwa na viongozi, na huchapisha pia kwa Kiswahili.

Sheria nayo ni sehemu ya mafunzo. Uganda ilipitisha sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005. Kenya na Tanzania mwaka 2016. Ombi zuri hutaja nyaraka mahsusi, mwaka na ofisi inayoishikilia, na nakala yake iliyogongwa muhuri huhifadhiwa. Vilevile mwandishi wa takwimu hana budi kufuatilia mabadiliko: Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilibanwa mwaka 2018, kisha ikalegezwa mwaka 2019.

Usalama si mada ya nyongeza. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017. Kozi makini hufundisha kulinda vyanzo, kusimba mawasiliano na kutokwenda mahali bila mhariri kujua.

Upungufu

Upungufu mkubwa uliobaki kwa wasomaji wa Kiswahili ni wa lugha. Miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza na mifano yake imetoka mbali, wakati mwandishi wa redio ya jamii anahoji, anaandika na kutangaza kwa Kiswahili. Tafsiri itasaidia, lakini haitatosha. Kila chumba cha habari kinachotoa habari ya uchunguzi kwa Kiswahili kinapaswa kuchapisha pamoja nayo maelezo mafupi ya ilivyofanyika: nyaraka ziliombwa wapi, hesabu ilipigwaje, kosa gani lilisahihishwa. Maktaba ya Missouri ilijengwa hivyo, fomu moja baada ya nyingine, na ya Kiswahili inaweza kuanza na habari itakayotoka wiki hii.