Mitutu ya Bunduki ya Maihar

Ukitafuta muziki wa raga mtandaoni siku hizi utaletewa picha ya mtu kafumba macho kando ya ziwa, na ahadi kwamba baada ya dakika 30 moyo utatulia. Mimi raga naipenda, na kweli hunituliza. Ila nikisoma habari za waliotuachia muziki huu, ziwa silioni.

Chukua Maihar, mji mdogo wa India ya kati, ambako Allauddin Khan alikuwa mwanamuziki wa mtawala. Alikuwa Mwislamu wa swala, na bado akienda kwenye hekalu la Sharda lililo kilimani, wala hakuona mgongano. Maradhi yalipoacha watoto yatima pale mjini, aliwakusanya akawafanya bendi. Vyombo je? Akachukua mitutu ya bunduki, ikakatwa kwa urefu mbalimbali na kupangwa, kila mmoja ukigongwa unatoa sauti yake. Chombo hicho kinaitwa nal tarang. Mitutu ile ile ya kuulia watu, jamani, sasa inagongwa na yatima.

Nyumbani alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwanawe Ali Akbar Khan, bingwa wa sarod, alisimulia mazoezi ya hadi saa 18 kwa siku, na viboko juu yake. Binti yake Annapurna hakutaka hata kumfundisha, maana dada yake mkubwa aliteswa ukweni kwa sababu ya muziki. Inasimuliwa kwamba mama mkwe alichoma tambura yake moto. Basi siku moja Annapurna akamsahihisha kaka yake aliyekuwa akikosea somo, kumbe baba kasimama nyuma yake. Binti akajua leo ni kipigo. Baba akaanza kumfundisha.

Aliolewa na Ravi Shankar mwaka 1941. Alipiga surbahar, chombo cha jamii ya sitar lakini kikubwa zaidi na chenye sauti nzito. Katika miaka ya 1950 akaacha kupiga mbele ya watu. Ndoa nayo ikavunjika. Ravi Shankar akapiga Woodstock mwaka 1969, kwenye mvua na tope. Annapurna alijifungia Mumbai akifundisha, hadi alipofariki mwaka 2018. Nikhil Banerjee alipita mikononi mwake, na Hariprasad Chaurasia mpiga filimbi pia.

Kunyamaza kule wengine wanakuita utawa. Mimi nasikia na jeraha humo, na sioni kwa nini tulifiche ili hadithi iwe tamu.

Rekodi zake ni chache mno, na sauti yake imechakaa. Ukibahatika kuipata, sikiliza alap, ile sehemu ya mwanzo isiyo na ngoma. Anaanzia noti ya chini. Anaizunguka, anaiacha, anairudia, na dakika kadhaa zinapita kabla hajapanda hatua moja juu.