Mkanda wa Kumzuia Mbwa Kubweka: Matumizi Yake na Mipaka Yake

 

Maswali tunayoulizwa kuhusu mbwa huwa ni yale yale: inajuzu kumfuga, akinirambia nguo nifanye nini, malaika wanaingia nyumba yenye mbwa au hawaingii. Siku hizi limeongezeka jingine. Mtu ana mbwa wa shamba au wa kulinda nyumba, mbwa anabweka usiku kucha, majirani wamechoka, na kijana wake aliyeko ng'ambo amemletea mkanda wa shingoni ambao mbwa akibweka tu unampiga shoti. Anauliza: nimvishe, au nitakuwa nimemdhulumu?

Jawabu kwa ufupi ni hivi. Mkanda wa umeme hatumshauri mtu autumie. Mkanda wa mtikisiko au wa harufu hauna ubaya kwa muda mfupi, mwenye mbwa akiwa hapo hapo anamwangalia, kwa masharti tutakayoyataja. Ama kumvisha mbwa wa ulinzi mkanda wowote wa aina hiyo jioni kisha watu wakaenda kulala, hilo ni kosa, na sababu yake inaanzia kwenye ile ile ruhusa ya kumfuga.

Ruhusa imekuja kwa ajili ya kazi

Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu za amali zake kila siku kiasi cha qiraatw moja, isipokuwa mbwa wa shamba au wa mifugo. Katika mapokezi ya Ibn 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhumaa) ni qiraatw mbili, na ametajwa mbwa wa mifugo na wa kuwinda. Mbwa wa kulinda nyumba hakutajwa kwa jina, lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa visiwani, wamempima kwa hao waliotajwa, na An-Nawawiy ameona kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa yajuzu.

Basi mbwa wako ameruhusiwa kuwepo kwa kuwa anafanya kazi. Na kazi ya mbwa wa ulinzi ni nini kama si kubweka? Hatutarajii amng'ate mtu, tena akimng'ata mpita njia itakuwa balaa juu ya mwenyewe. Tunataka apige kelele mwizi anapopita uani, au tumbili wanapoingia kwenye mihogo. Ukimfunga mdomo kwa shoti umebaki na mbwa asiye na kazi, na hapo inakubidi ujiulize upya anakaa kwako kwa hoja gani.

Kwa hiyo linalotakiwa ni abweke panapostahiki kisha anyamaze akiambiwa. Mkanda hauwezi kumfundisha hayo, kwa sababu wenyewe hautambui chochote.

Mkanda unavyofanya kazi

Ni kikasha kidogo chenye betri kilichoshikizwa kwenye mkanda. Ndani yake mna kifaa cha kuhisi, ama mtetemo wa koo mbwa anapotoa sauti, ama sauti yenyewe, ama vyote viwili. Kinapohisi, hutoa adhabu. Wa umeme una ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi na kupitisha shoti. Wa mtikisiko hutetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Wa harufu hurusha mafuta mepesi mbele ya pua, ambayo hutoka kwenye mmea wa jamii moja na mchaichai wetu. Upo pia wa mlio mkali ambao masikio ya binadamu hayausikii, wa mbwa yanausikia.

Kifaa hicho hakijui kama mbwa kamwona mwizi au kasikia komba juu ya mwembe. Adhabu ni ile ile. Ile mikanda inayosikiliza sauti tu ina kasoro kubwa zaidi: ukiwa na mbwa wawili, mmoja akibweka mwenzake naye anaweza kuadhibiwa, na mnyonge wa watu hajui kakosa nini.

Kuhusu kipi kinasaidia zaidi, ipo tafiti ndogo ya mwaka 1996 ya Juarbe-Díaz na Houpt wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyolinganisha mkanda wa umeme na wa harufu kwa mbwa wachache waliokuwa wakisumbua kwa kubweka. Wa harufu ulionekana na wenye mbwa kuwa umefanya kazi vizuri zaidi. Basi hata yule asiyejali maumivu ya mnyama hana hoja ya kukimbilia shoti. Lakini wa harufu nao una mwisho wake, kwani mbwa akivishwa kila siku huuzoea akaendelea kubweka.

Jamaa zetu walioko Ulaya wana jambo jingine la kuangalia. Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010, na Ujerumani mahakama ilizuia matumizi yake mwaka 2006. Anayeishi huko afuate kanuni ya nchi.

Kumuumiza mnyama kwa ajili ya kumfundisha

Hatusemi kwamba mnyama haguswi kabisa. Kumfundisha mnyama ni jambo lililokubaliwa, na katika Suratul-Maaidah wametajwa wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na mawindo yao yakahalalishwa. Wanavyuoni wameruhusu kumwadabisha mnyama kwa kadiri ya haja. Maneno muhimu hapo ni "kadiri ya haja". Kinachozidi haja ni dhulma.

Bibi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) alipanda ngamia mkaidi akawa anamrudisha huku na huku kwa nguvu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamwambia ashikamane na upole. Hadiyth hii imo kwa Muslim. Tunaitaja kwa kuwa ni ya mtu aliyekuwa na mnyama mgumu mkononi, wakati ule ule wa kumfundisha. Na mbwa mwenyewe, pamoja na unajisi wake, ndiye aliyekuwa sababu ya mtu kusamehewa dhambi baada ya kushuka kisimani kumtekea maji kwa khofu yake alipomwona anahema kwa kiu.

Sasa mkanda unaompiga mbwa shoti usiku mzima, bila ya mtu kuwepo wa kuona kama amekosa au hakukosa, una kadiri gani ya haja? Hakuna aliyeipima. Hapo ndipo tunapoona umetoka kwenye adabu ukaingia kwenye adhabu.

Kwanza mjue anabwekea nini

Mara nyingi tunapomwuliza muulizaji mambo mawili matatu, tunakuta mbwa amefungwa mnyororo mfupi mchana na usiku, karibu na njia, hana kivuli, na maji yake yamekauka tangu asubuhi. Mbwa huyo anabweka kwa dhiki. Mkanda utamwongezea maumivu na dhiki itabaki pale pale. Mpeni kamba ndefu au ua wa kuzungukia, mzibieni njia kwa uzio wa makuti asione kila baiskeli inayopita, mpeni chakula kabla ya usiku kuingia, na mtembezeni shambani Alasiri. Wengi hutulia kwa haya tu.

Wengine wanabweka kwa hofu: radi, fataki za sikukuu, watoto wanaomrushia mawe. Huyu mkanda wa umeme unamharibu kabisa, kwani kila anapoogopa anaumizwa, na mbwa mwenye hofu na maumivu ndiye anayeng'ata.

Lipo na hili la adhana. Mbwa wengi hulia kwa kuvuta sauti msikiti unapoadhini, na wapo watu wanaowapiga kwa kudhani ni kejeli. Mbwa huitikia sauti ndefu yenye kuvutwa, iwe ya muadhini, ya king'ora au ya mbwa mwenzake wa mbali. Fikirini mbwa wa jirani na msikiti aliyevishwa mkanda wa shoti: mara 5 kwa siku adhana inapoanza naye anaanza kuumizwa. Asiyekuwa na mukallaf ndani yake hana dhambi ya kulia wakati wa adhana. Mwacheni alie.

Na mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla, imekuwa nzito au ya kukwama, anadondosha mate, hataki kula au tabia yake imegeuka, msimguse na wala msimvishe kitu. Hizo ni katika dalili za kichaa cha mbwa. Pemba ugonjwa huu ulikuwa umeondolewa mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, hivyo si habari za kale. Mwiteni daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa sindano. Na chanjo ya mbwa kila mwaka msiikose.

Mwenye kuamua kutumia

Baada ya hayo yote, mtu akiona bado anahitaji msaada wa mkanda, basi awe wa mtikisiko au wa harufu, na azingatie haya.

Mbwa awe mzima na asiwe mtoto. Chini ya miezi 6 hapana. Siku chache za mwanzo avishwe ukiwa umezimwa, auzoee. Kisha uwashwe kwa kiwango cha chini kabisa, kwa muda wa nusu saa au saa moja, mtu akiwepo. Watengenezaji hutaja mpaka wa masaa 8 hadi 12 kwa siku, lakini huo ni mpaka wa kuepusha majeraha, si muda wa mafunzo. Vidole viwili vipite baina ya mkanda na shingo. Kamba au mnyororo usifungwe kwenye mkanda huu hata mara moja. Awe na mkanda mwingine wa kawaida kwa ajili ya kufungwa.

Shingo ikaguliwe kila siku. Mikanda yenye ncha za chuma huacha vidonda, na watu hudhani umeme umemuunguza. Mara nyingi ni ncha kukandamiza ngozi mahali pamoja muda mrefu, na kwa joto na unyevunyevu wetu, pamoja na kupe, kidonda kidogo huoza upesi. Ukiona ngozi nyekundu au manyoya yametoka, vua mkanda mpaka apone. Na ukiona mbwa anajikunyata, hataki kula au anakukimbia, vua na usirudie.

Ama unajisi: katika madhehebu yetu mbwa mkavu kwa mkono mkavu haunajisishi. Mkono ukipata mate yake, au yeye akiwa ameloa, unaoshwa mara 7, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mkanda wenyewe hauswaliwi nao, basi si lazima kuutwaharisha kila siku; uwekwe nje mahali pake, na anayeuvisha avae glovu za kazi hiyo peke yake. Msiwaachie watoto wauchezee.

Kumfundisha kunyamaza

Hii ndiyo njia tunayoipendelea, na haihitaji betri. Chagueni neno moja nyumba nzima, kwa mfano "Basi". Si baba aseme "Basi", mama aseme "Kelele", na watoto wapige makofi. Mtu mmoja agonge mlango wa ua. Mbwa atabweka. Mwacheni abweke mara tatu nne, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kisha mwenyewe aende alipo, atazame alipotazama mbwa, aseme "Basi" mara moja kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele, yeye anafahamu kwamba nawe unabweka pamoja naye.

Akinyamaza hata kwa pumzi moja, mtupieni dagaa chini hapo hapo. Tunasema mtupieni chini kwa makusudi, ili asile mkononi na mate yake yasiwaguse. Siku ya pili subirini kimya kirefu kidogo ndipo mtupe dagaa. Siku ya tatu kirefu zaidi. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha. Wengi huonyesha mabadiliko ndani ya wiki mbili tatu, na mbwa mzee aliyezoea huchukua zaidi.

Katika muda huo jirani aambiwe. Mwendeeni mumwombe radhi, mumweleze kwamba mbwa anafundishwa, na usiku mumhamishie banda upande ulio mbali na chumba cha jirani. Haki ya jirani ni nzito, na usingizi wa mgonjwa au wa mtoto mchanga hauwezi kungoja wiki tatu. Ikiwa mbwa amehamishwa, amepewa maji na nafasi, amefundishwa kwa subira, na bado watu hawalali, basi apelekwe kwa mwenye shamba la mbali anayemhitaji. Na mwenye kumpa ampe bure, kwani thamani ya mbwa imekatazwa kuliwa.

Wallaahu a'lam.