JE WAJUA? LENZI YA F/1.2 HAIKUTENGENEZWA ILI PICHA IWE KALI

Bi harusi katoka poa, gauni limekaa, taa za ukumbini zinang'aa nyuma yake kama nyota. Picha inatupiwa Instagram, likes zinamiminika. Siku mbili baadaye mama yake anaomba ichapishwe kubwa iwekwe sebuleni. Hapo ndipo kasheshe linaanza. Jicho moja la bi harusi ni kali mpaka kope zinahesabika, jicho la pili ni ukungu, na bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma anaonekana kama mzimu. Harusi ndiyo imeshapita, hairudiwi. Mpiga picha anasingizia lenzi yake ya bei rahisi, anaanza kujichanga anunue ya f/1.2.

Wengi mjini wanaamini hivyo: namba ya f ikiwa ndogo, picha inakuwa kali zaidi. Lakini ukifuatilia lenzi hizi za milimita 50 zilivyoanza, unakuta stori tofauti kabisa.

Kwanza, hiyo f ni nini?

Ni hesabu ya darasani tu. Chukua milimita za lenzi, gawa kwa upana wa tundu linaloonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya 50 kwenye f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Kwenye f/1 tundu linafika milimita 50 kamili. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi, kwa hiyo shata inafunguka na kufunga haraka hata sehemu yenye mwanga hafifu. Ndiyo maana zinaitwa lenzi za kasi. Umeona? Mpaka hapo hakuna aliyezungumzia ukali.

Wajerumani na vita ya giza

Mwaka 1896 mtaalamu mmoja wa kampuni ya Zeiss, mjini Jena, alichora lenzi iliyoitwa Planar. Ilikuwa na vioo 6 vilivyopangwa pande mbili zinazofanana, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Lenzi nyingi za 50 zinazouzwa leo bado zinatumia wazo lilelile. Kwenye karatasi ilikuwa balaa. Tatizo ni kwamba kila sehemu ambapo kioo kinakutana na hewa, karibu asilimia 4 au 5 ya mwanga inarudi nyuma. Planar ilikuwa na sehemu 8 za namna hiyo. Mwanga ukawa unadundadunda ndani ya lenzi, picha inatoka imepauka.

Mwaka 1924 kampuni ya Ernemann ya Dresden ikatoa kamera ndogo iitwayo Ermanox, yenye lenzi ya f/2. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa habari ya mjini. Mwanasheria mmoja wa Berlin akaichukua, na mwaka 1928 akaificha ndani ya kofia yenye tundu, akaingia nayo mahakamani ambako kupiga picha kulikatazwa. Akatoka na picha za kesi, magazeti yakachapisha. Baadaye akawa anajipenyeza kwenye mikutano ya wakubwa wa Ulaya, anawanasa wakiwa wamechoka usiku bila kuwawashia flashi usoni. Wanaowinda mastaa na kamera leo wana babu yao huyo.

Sasa jiulize, picha zake zilikuwa kali kuliko za studio? Wapi! Studio walikuwa na mwanga wa kutosha na tundu dogo. Yeye alisifiwa kwa sababu alileta picha ambazo wengine hawakuweza kuzileta kabisa.

Mwaka 1932 Zeiss wakaja na Sonnar ya f/1.5. Safari hii mbunifu wake aliunganisha vioo ili sehemu za kukutana na hewa zibaki 6 tu. Halafu mwaka 1935, kwenye kampuni hiyohiyo, ikagunduliwa njia ya kuvipaka vioo utando mwembamba sana unaozuia mwanga kurudi nyuma. Kuanzia hapo ile michoro ya zamani ya Planar ikapata uhai mpya.

Mjapani anaingia ulingoni

Mwaka 1950 mpiga picha wa jarida la Life la Marekani alikuwa Tokyo. Mwenzake Mjapani akampiga picha kwa lenzi ya Nikkor. Mmarekani kuiona tu, akashtuka jinsi ilivyo kali. Wakaenda mpaka kiwandani, wakazipima lenzi za Kijapani dhidi ya zile za Kijerumani alizokuwa anaziamini. Muda mfupi baadaye vita vya Korea vikaanza, naye akaenda akiwa amefunga Nikkor kwenye kamera zake za Leica. Dunia ikaanza kuiheshimu Japani.

Baada ya hapo yakawa mashindano. Mwaka 1961 Canon wakatoa 50mm f/0.95. Hadi leo wapenzi wake wanaiita lenzi ya ndoto, na jina limekaa kweli, maana ukiifungua yote picha inatoka na utandoutando kama unaota. Mwaka 1975 likatoka filamu la Barry Lyndon. Dairekta wake alitaka usiku wa karne ya 18 uonekane ulivyokuwa, mwanga wa mishumaa pekee. Akatumia lenzi za Zeiss za 50mm f/0.7, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya NASA. Waigizaji ilibidi wasisogee hovyo, kwani ukiinamisha kichwa kidogo tu umeshatoka kwenye fokasi. Filamu ikabeba Oscar ya upigaji picha, na sura zile laini ndizo watu walizozipenda.

Kwa nini tundu kubwa linaleta ukungu

Mwanga unaopita katikati ya kioo na ule unaopita pembeni huwa haukutani sehemu moja sawasawa. Ukifungua tundu lote, ile miale ya pembeni yenye fujo inaingia nayo. Ukilifunga kidogo, unaizuia mlangoni.

Ndiyo maana lenzi ya kawaida ya 50mm f/1.8 ina tabia hii: kwenye f/1.8 katikati panaridhisha lakini pamelegea, na kona ndiyo zimelala kabisa. Ukifika f/2.8 katikati panaruka juu. Kati ya f/4 na f/8 picha nzima inakaza, hapo ndipo lenzi inapotoa uwezo wake wote. Ukipita f/11 inaanza kushuka tena. Kwenye f/16 tundu ni dogo kiasi kwamba mwanga wenyewe unatawanyika ukipita, na nukta moja inasambaa kufikia mikroni 21 hivi. Pikseli moja ya kamera ya fremu kubwa yenye megapikseli 24 ina mikroni 6 tu. Hapo hata lenzi ya bei ya kiwanja haikusaidii.

Na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea bure. Weka lenzi ghali na ile rahisi zote kwenye f/5.6, piga kitu kilekile. Katikati ya picha utahangaika sana kujua ipi ni ipi. Tofauti kubwa ipo tundu likiwa wazi, na huko ndiko mtengenezaji anakokulipisha. Siku hizi zipo lenzi ambazo ni kali hata zikifunguliwa zote, mfano Zeiss Otus 55mm f/1.4 ya mwaka 2013 au Canon RF 50mm f/1.2 ya mwaka 2018. Ila hiyo ya Canon ina gramu 950, wakati mdogo wake wa f/1.8 ana gramu 160. Nikon 58mm f/0.95 ya mwaka 2019 inafika kilo 2. Ukibeba hiyo kuanzia send-off mpaka kukata keki, bega litakusimulia.

Turudi kwa bi harusi

Ukipiga kwa lenzi ya 50, kamera ya fremu kubwa, f/1.4, umbali wa mita moja na nusu, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita 7 na nusu tu. Bi harusi akigeuza uso kidogo, jicho moja limebaki ndani na lingine liko nje. Bwana harusi ndiyo kabisa hayumo. Hiyo si kasoro ya lenzi, na f/1.2 ingezidisha tatizo. Angerudi nyuma mpaka mita 3 na kufunga tundu hadi f/4, angepata karibu sentimita 85, wote wawili wangetoka wakali kwa lenzi ileile ya bei rahisi.

Ndiyo, kutoka f/1.4 mpaka f/4 mwanga unapungua mara 8, na ukumbi wenyewe giza. Hapo unaongeza ISO au unawasha flashi, ambayo mara nyingi ni rahisi kuliko lenzi mpya. Yule mwanasheria wa Berlin alifungua tundu lote kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mpiga harusi wa leo anayo.

Kwa hiyo kabla hujauza pikipiki ununue f/1.2, fanya jaribio moja leo. Weka chupa ya soda mezani, kamera usiitikise, piga kwenye f/1.8, f/2.8, f/5.6 na f/16, halafu kuza maandishi ya kwenye lebo.

Dondosha komenti hapo chini: yako imekuwa kali zaidi kwenye f ngapi?